Xwud, amri kuukuu inayofungua picha za skrini

Leo sizungumzii simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nazungumzia amri moja kuukuu iitwayo xwud. Ukiwa mtumiaji wa Linux, huenda imelala kwenye mashine yako tangu siku ulipoiweka na hujawahi kuiita hata mara moja. Kazi yake ni moja tu, kuonyesha picha ya skrini iliyohifadhiwa na ndugu yake aitwaye xwd. Haikati picha, haiongezi rangi, haiigeuzi kuwa ya aina nyingine. Inafungua dirisha, unaona picha, unabofya, dirisha linafungwa.

Najua kuna atakayeuliza, kwa nini nihangaike na kitu kama hicho wakati kila simu siku hizi inapiga picha ya skrini kwa vidole viwili? Ngoja nieleze. Mwaka 2024 amri hii ilimwokoa mama mmoja asikatwe mshahara kwa pesa ambazo hakuchukua.

Kwanza tuijue amri yenyewe. Mfumo wa madirisha uitwao X ulizaliwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, kule Marekani, ndani ya mradi wa Athena. Toleo lake la 11 lilitoka mwaka 1987, ndiyo maana unaona watu wakiandika X11. Waliouunda walikuwa na wazo ambalo mpaka leo nalipenda: programu inaweza kuendeshwa kwenye mashine moja, na dirisha lake likaonekana kwenye mashine nyingine kabisa. Kwa hiyo hata kupiga picha ya skrini hakukuwa jambo la kubonyeza kitufe. Programu inamwomba mtawala wa skrini, "Nipe pikseli za dirisha fulani," naye anazitoa, zinamwagwa kwenye faili kama zilivyo. Kumwaga ni xwd. Kurudisha kilichomwagwa ni xwud. (Ukisikia neno dampo usicheke, asili yake ni hiyo hiyo, na kwa kweli folda niliyoikuta ilifanana na dampo.)

Matumizi ni haya:

xwd -root -out picha.xwd
xwud -in picha.xwd

Ya kwanza inachukua skrini nzima. Ukiacha -root, mshale wa kipanya unageuka msalaba na unabofya dirisha unalotaka. Utasikia mlio mmoja inapoanza na miwili inapomaliza, isipokuwa ukiiambia -silent. Ya pili inaonyesha. Kwenye Debian na Ubuntu zote mbili zimo katika kifurushi cha x11-apps.

Sasa hadithi. Nilipewa kazi ya kuhamisha mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, Sacco ya wakulima katika mji mdogo wa Bonde la Ufa. Jina nitaliacha. Mfumo wao uliwekwa mwaka 2011 na watu ambao hawapo tena: seva moja ya Linux kwenye tawi, vituo vitatu visivyo na diski kwenye kaunta, na hifadhidata ikiwa makao makuu, mbali. Keshia anaandika amana ya mwanachama kwenye kaunta, programu inaipeleka makao makuu kupitia laini, jibu linarudi, risiti inachapishwa. Laini hiyo, nyinyi mnaoishi nje ya Nairobi mnajua ninachosema, ilikuwa inakatika mvua ikinyesha, umeme ukienda, na wakati mwingine bila sababu yoyote.

Siku ya pili nikiwa pale nilisikia habari za mama wa kaunta namba mbili. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na tisa. Katika mwezi mmoja sanduku lake lilikuwa limepungua mara tatu: shilingi 18,000, kisha 4,500, kisha 25,000. Jumla 47,500. Alikuwa ameshapewa barua, na mshahara wa mwisho wa mwezi ungeanza kukatwa. Utetezi wake ulikuwa sentensi moja, nayo alikuwa ameirudia mpaka watu wakachoka kuisikia: "Mashine iliniambia haijahifadhi, ndiyo nikaandika tena."

Kwenye hifadhidata amana zilikuwa mbili mbili kweli. Mwanachama yuleyule, kiasi kilekile, dakika mbili au tatu kati ya ya kwanza na ya pili, namba za risiti tofauti. Meneja aliniambia, "Kijana, hizo ni amana mbili. Mtu alileta pesa mara mbili, na ya pili haikuingia kwenye sanduku." Kuhusu wanachama wenyewe, hakuna aliyelalamika. Na nani angelalamika? Mtu akikuta akaunti yake imeongezeka elfu kumi na nane anamshukuru Mungu na kunyamaza.

Nikamuuliza mama kama kulikuwa na chochote cha kuonyesha ujumbe ule aliouona. Akasema hapana, ila skrini ilikuwa "inaganda kidogo" kila ujumbe wa kosa ulipotokea. Hilo neno kuganda ndilo lililonifanya nichungulie kwenye programu. Na kweli, aliyeiandika alikuwa ameweka mstari mmoja mahali pa kushughulikia makosa: kila dirisha la kosa linapotokea, ita xwd, chukua skrini nzima, weka kwenye folda fulani. Kuganda kule kulikuwa ni megabaiti tatu zikiandikwa kwenye diski ya zamani. Simjui mtu huyo, lakini popote alipo, namwombea mema.

Folda ilikuwa na faili 412, kama gigabaiti 1.3 hivi. Watu wa ofisi walikuwa wameshawahi kuziona. Mmoja alizibeba kwa flashi akajaribu kuzifungua kwenye Windows zikakataa, wakaamua kwamba zimeharibika. Zilikuwa zimebaki siku chache tu zifutwe kupisha nafasi.

Hapa niwaonyeshe jinsi ya kujua kama faili ya xwd imeharibika bila hata kuifungua, kwa sababu ni jambo zuri. Faili hizi hazibanwi hata kidogo. Skrini za kaunta zilikuwa pikseli 1024 kwa 768, kila pikseli baiti 4. Zidisha upate baiti 3,145,728. Ongeza jedwali la rangi: maingizo 256, kila moja baiti 12, ni 3,072. Ongeza kichwa cha faili: namba 25 za baiti nne nne, yaani 100, halafu jina la dirisha. Skrini nzima haina jina, kwa hiyo xwd huandika neno xwdump, herufi sita na baiti moja ya sifuri ya kufungia. Hapo ni 107. Jumla kuu ni 3,148,907. Nikapiga ls -l, na faili 411 zilikuwa na ukubwa huo kamili, bila kupungua baiti moja. Moja tu ilikuwa fupi, nadhani diski ilijaa katikati ya kuandika, na hiyo xwud iliikataa. Nyingine zote zilikuwa nzima.

Ukitaka kwenda ndani zaidi, fungua faili kwa hexdump uone baiti za mwanzo:

00 00 00 6b 00 00 00 07 00 00 00 02 00 00 00 18

6b ni 107, urefu wa kichwa. 7 ni toleo la muundo wa faili. 2 ni mpangilio wa pikseli, na 18 ya mfumo wa kumi na sita ni 24, kina cha rangi. Baada ya hapo unafuata upana na urefu. Kama hupendi kusoma hivyo, xwud yenyewe ina chaguo la -dumpheader ambalo linakuandikia hayo yote kwa maneno bila kuonyesha picha. Mimi napenda muundo ambao mtu anaweza kuuhesabu kwa kalamu na karatasi. PNG ni bora kwa kila hali, sibishi, lakini PNG huwezi kuihakiki ukiwa umeegemea kaunta.

Tatizo likawa la tarehe. Majina ya faili yalikuwa na namba tu, kosa.20417.xwd na kadhalika, na namba ile ilikuwa ya mchakato wa programu, haina uhusiano na siku. Tarehe za faili nazo zilikuwa zote za siku moja, kwa sababu diski ilibadilishwa na aliyehamisha alitumia cp bila -p. Na ndani ya kichwa cha xwd, katika zile namba 25, hakuna saa wala tarehe. Wabunifu wa 1987 waliandika mpaka upana wa mpaka wa dirisha, lakini si lini.

Basi njia ikawa kutazama picha moja moja. Hapo ndipo tabia ya xwud ya kufunga dirisha kwa mbofyo mmoja ikageuka neema:

for f in kosa.*.xwd; do echo $f; xwud -in $f; done

Unabofya, inakuja nyingine. Unabofya, inakuja nyingine. Nilivuta kiti, mama akavuta chake, tukaanza. Picha zilikuwa zimenasa kaunta ya miaka mingi: wanachama ambao wengine wameshafariki, kiasi kidogo cha pesa za maziwa, makosa ya printa, makosa ya nywila. Mama alikuwa akisoma majina kwa sauti ya chini. "Huyu alihamia Kitale. Huyu tulimzika." Kisha akainua mkono kunionyesha kitu kwenye skrini, akagusa kipanya, picha ikatoweka. Akashtuka kama aliyevunja kikombe cha wageni. Nikamwambia, "Usijali, mama, haijafutika," nikaongeza -noclick kwenye mstari ule. Ukiweka -noclick, dirisha halifungwi mpaka ubonyeze q. Tangu hapo mimi nikawa msimamizi wa q.

Ilituchukua karibu saa mbili na nusu. Faili ya 287 alisema, "Simama."

Ilikuwa ni skrini yake. Fomu ya amana ilikuwa nyuma, namba ya mwanachama inasomeka, kiasi 18,000. Mbele yake kulikuwa na dirisha jekundu: Muunganisho umekatika. Muamala haukuhifadhiwa. Na chini kulia, kwa bahati ambayo hakuna aliyeipanga, kulikuwa na saa na tarehe ya eneo-kazi, mpaka sekunde: 14:07:22. Kwa kuwa xwd ilichukua skrini nzima badala ya dirisha la kosa peke yake, saa ile nayo ilinaswa. Laiti mwandishi wa programu angekuwa nadhifu zaidi na kuchukua dirisha moja tu, tusingekuwa na kitu.

Hifadhidata ya makao makuu ilisema amana ya kwanza iliingia saa 14:06:52. Sekunde thelathini kamili kabla. Programu ya kaunta ilikuwa imewekwa kungoja jibu kwa sekunde 30, kisha kukata tamaa. Amana ya pili iliingia 14:09. Sasa unaiona picha nzima: pesa ziliandikwa makao makuu, laini ikakatika kabla jibu halijarudi, programu ikangoja, ikachoka, ikamwambia mama jambo ambalo haikulijua. Ukweli ulikuwa "sijui kama imehifadhiwa." Ikasema "haikuhifadhiwa." Mama akafanya anachofanya mfanyakazi yeyote mwaminifu, akaandika tena. Tukazipata na zile mbili nyingine kabla ya jioni, zenye umbo lilelile, sekunde thelathini zilezile.

Mkaguzi wa hesabu alipokuja aliuliza swali zuri, nami nilifurahi kwamba aliuliza. "Nitajuaje kwamba picha hii haikuchorwa?" Jibu la kweli ni kwamba faili ya xwd haina muhuri wowote. Tena ni rahisi kuichezea kuliko picha nyingi, kwa sababu pikseli zimelala wazi, hazijabanwa. Mtu mwenye mhariri wa baiti anaweza kubadilisha saa. Kwa hiyo sikumwambia aamini picha. Nilimwambia aombe kumbukumbu za seva ya makao makuu, ambazo si mimi wala mama tuliyekuwa na mkono ndani yake, atazame kama kuna muunganisho uliokatika wakati wa kutuma jibu kwenye dakika hizo tatu. Zilikuwepo, zote tatu.

Pia nilimwonyesha kosa likitokea mbele ya macho yake. Kwenye kompyuta yangu niliwasha skrini ya kubuni, ambayo haiko popote ila kwenye kumbukumbu:

Xvfb :7 -screen 0 1024x768x24 -fbdir /tmp

Chaguo la -fbdir linafanya skrini hiyo iwe faili, /tmp/Xvfb_screen0, na faili hiyo iko katika muundo wa xwd. Yaani picha ya skrini ipo wakati wote, huna haja ya kuipiga. Niliendesha programu ya kaunta humo ndani, dhidi ya hifadhidata ya majaribio, nikaandika amana ya shilingi mia, nikachomoa waya wa mtandao baada tu ya kutuma. Tukangoja sekunde thelathini. Kisha:

xwud -in /tmp/Xvfb_screen0

Dirisha jekundu lilelile. Na kwenye hifadhidata, shilingi mia zimekaa. Mkaguzi aliniomba nirudie mara mbili, mara ya pili akachomoa waya mwenyewe.

Barua ilifutwa. Mmoja wa wale wanachama alirudisha pesa bila maneno, wa pili amekubali kukatwa kidogo kidogo, na wa tatu alikuwa ameshazitoa zote na bado wanazungumza naye. Mama hakukatwa. Alichoniambia ni kwamba kilichomuuma zaidi ya mshahara ni vile meneja alivyoacha kumtuma benki, kazi aliyokuwa akipewa kwa miaka.

Kuna mambo mawili ya kiufundi sitaki kuyapita. La kwanza ni kwamba uwezo uleule uliomsaidia mama una ubaya wake. Katika X, programu yoyote iliyounganishwa na skrini yako inaweza kuita picha ya skrini nzima, ikiwemo dirisha la benki yako, bila kukuuliza. Na folda ile ya picha 412 ilikuwa wazi kwa kila mtumiaji wa seva, ikiwa na namba za vitambulisho na salio za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na sidhani folda kama hiyo ingesimama mbele yake. Tuliweka picha tatu za ushahidi mahali pa kufungwa, nyingine zikafutwa. Kama una mfumo unaohifadhi skrini kila kosa linapotokea, weka angalau chmod 700 kwenye folda, na weka siku ya kufuta.

La pili ni Wayland. Fedora iliufanya kuwa chaguo la kwanza mwaka 2016, Ubuntu ikafuata baadaye. Huko xwd haiwezi kuchukua madirisha ya Wayland, na imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu ya ubaya nilioutaja. Lakini xwud bado inafanya kazi, maana kuna XWayland inayozipa programu za zamani mahali pa kuonekana. Kwa maneno mengine, picha za zamani utaendelea kuziona hata kama huwezi kupiga mpya.

Kwa anayetaka kuzitunza, zibane. Skrini za kaunta zina sehemu kubwa za rangi moja, kwa hiyo gzip inazipunguza sana, na huna haja ya kuzifumua kwenye diski ndipo uzione. Xwud ikikosa -in inasoma kutoka mlango wa kuingilia:

zcat kosa.20417.xwd.gz | xwud

Na ukitaka kumtumia mtu asiye na Linux, vifaa vya Netpbm vinageuza:

xwdtopnm kosa.20417.xwd | pnmtopng > kosa.png

Mfumo mpya wa Sacco ile unatoa namba ya kipekee kwa kila muamala kabla haujatoka kaunta, ili ukitumwa mara mbili makao makuu yautambue na kuuandika mara moja. Na ujumbe wa dirisha nimeubadilisha. Sasa unasema: Hatujapata jibu. Usiandike tena, bonyeza hapa tuulize. Jinsi namba hizo zinavyotengenezwa na mahali pa kuzihifadhi ni mada ndefu, nitaiandikia makala yake nikipata wikendi yenye umeme.